Radhi Yenye "Kama" Ndani Yake

Ualimu wa nidhamu katika skuli yetu niliachiwa mimi kwa sababu wenzangu wote waliukimbia. Mmoja alisema ana presha. Mwengine alisema anakaa mtaa mmoja na wanafunzi huko Madungu na hataki kuvunjiwa madirisha. Wa tatu, mwenye shahada kamili na tai kila siku ya Mungu, alisema yeye ni mtu wa amani. Mtu wa amani huyu nimemuona kwa macho yangu akizunguka nyuma ya vyoo ili asipishane na wavulana wa kidato cha tatu, akitoka upande wa pili amejishika pua, lakini salama. Mimi nikasema: nipeni.

Sikuwa na cha kuogopa. Nimezaliwa Wambaa, hapa Pemba, katika nyumba ya udongo, nikaondoka kijana kwenda Maskati kubeba maboksi sokoni, nikapanda kwa jasho langu mpaka nikakabidhiwa funguo za ghala zima. Nilirudi katika umri ambao wenzangu wanaanza kulalamikia magoti, nikakaa dawati moja na vijana walioniita baba, nikatoka na stashahada ya ualimu. Imo ndani ya fremu, sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia aione hiyo kabla ya kuniona mimi. Watu husema naringa. Naringa, ndiyo. Anayeringia chake hajaiba cha mtu.

Zamani mzazi wa Pemba alimkabidhi mtoto kwa mwalimu wa chuoni, wa Kurani, kwa maneno mafupi: nyama yako, mifupa yangu. Siku hizi nyama yake, mifupa yake, na ukimgusa mtoto hata kucha utaitwa kwa sheha, mkubwa wa mtaa. Bakora tumekatazwa, na mimi sina ugomvi na hilo. Ghala la Maskati nililiendesha bila bakora. Ninachokicheka ni wale wale waliotunyang'anya bakora kuja asubuhi kutuambia: mwalimu, huyu kanishinda, mpige. Unamuuliza baba mtu kama atakuja kusema hayo mbele ya sheha, anakumbuka kwamba ameacha maji yakichemka.

Basi watoto wameshapima kina chetu. Wanajua mwalimu gani anatetemeka na yupi anajipendekeza. Kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu waliwahi kutia upupu, na mwalimu wa hesabu, badala ya kukasirika, siku ya pili akawaletea utani, ili wampende. Mimi wananiita Maskati. Nikikatisha uwanja nasikia, "Maskati huyoo, ficha simu." Wanaficha. Hiyo kwangu ni salamu ya kutosha.

Mwalimu mmoja tu hakuwa akitetemeka wala kujipendekeza, naye hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa madamu wa fizikia, Mkristo kutoka Bara, mwembamba, mwenye sauti ndogo inayofika nyuma ya darasa bila kupandishwa. Hakuwa na mwenzake. Fizikia yote ya skuli, mpaka kidato cha nne waliokuwa wakingojea mtihani wa taifa, ilikuwa mabegani mwake. Alipokuja walimcheka namna anavyosema "shule" badala ya "skuli". Aliwaacha wacheke, kisha akawapa jaribio, na kicheko kikaisha chenyewe.

Jumatatu moja alimnyang'anya simu kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akiangalia mpira chini ya dawati, akaileta kwangu kama kanuni inavyotaka. Jumanne, wakati wa kutoka, alikuwa akikatisha uwanja na madaftari ya kusahihisha mikononi. Wavulana walikuwa wamesimama kundi karibu na ukuta. Jiwe lilimpata juu ya jicho. Mimi nilikuwa kwenye baraza ya ofisi. Nilisikia madaftari yakianguka kabla sijaona damu. Nilipofika ukutani kulikuwa na vijana wengi na hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Mmoja alikuwa akifunga kamba za kiatu. Alivaa ndara.

Madamu alishonwa hospitali ya Chake Chake. Jumatano asubuhi alikuja skuli, kitambaa cheupe juu ya jicho, akaingia kwa mwalimu mkuu nami nikiwa nimekaa. Hakulia wala hakutukana. Alisema hataki polisi na hataki mtoto wa mtu afukuzwe. Anataka aliyerusha asimame mbele ya darasa na aseme kwamba amerusha. Ikifika Ijumaa hakuna aliyesimama, yeye anakwenda kuomba arudishwe kwao, na hatosubiri mtihani.

Alipotoka, mwalimu mkuu alipangusa kipara chake. Mkuu wetu ni mtu mwema, na wema wake wote ameutumia kutofanya lolote. Nilimwambia anipe wale vijana mmoja mmoja, mlango umefungwa, nitampata mtu wangu kabla ya adhuhuri. Akasema hapana, yeye ana njia iliyo bora, isiyoleta chuki.

Njia yenyewe tuliisikia mstarini. Alisimama mbele ya skuli nzima akatangaza kwamba shehe wa msikiti ameshakubali, na kwamba Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri itasomwa Halbadiri kwa ajili ya aliyerusha jiwe. Uwanja ule, ambao mimi huhitaji filimbi mara tatu kuunyamazisha, ulinyamaza hata ukasikia kunguru akitembea juu ya bati.

Kwa aliye mbali na kwetu: Halbadiri ni kisomo cha kumshitakia Mungu mtu aliyedhulumu akajificha. Watu wanaamini kikisomwa, mwenye kosa atavimba, au ataharibika akili, au atakutwa asubuhi amekuwa baridi. Sikidharau kisomo, majina yanayotajwa mle ni ya watu watukufu, na mimi chuoni nimehitimu. Ninachokidharau ni kuwavuta watu watukufu waje kufanya kazi ya mwalimu mkuu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya mapumziko kulikuwa na foleni mlangoni kwangu, na foleni ile ilinifundisha zaidi kuhusu kisiwa changu kuliko miaka yote niliyokikumbuka nikiwa ng'ambo. Wa kwanza alikuja kuungama kwamba ndiye aliyevunja bomba la maji. Wa pili alikuwa mtu wa upupu. Mmoja aliiba karafuu zilizoanikwa kwa jirani yake, jambo ambalo halihusiani na skuli, lakini hakutaka kubahatisha. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliungama kwamba alimwita madamu jina baya kimoyomoyo. Nilimwambia, "Hilo halisomewi, nenda darasani." Akauliza kama nina hakika.

Kisha wakaja wa jiwe. Nasema wa, kwa wingi, kwa sababu walikuja watatu, kila mmoja peke yake, kila mmoja akiamini kwamba ni yeye. Hapo ndipo nilipojua kilichotokea: mawe yalirushwa matatu. Mawili yalipita, moja likampata, na hakuna aliyejua lipi la nani kwa sababu kila mmoja, alipokwisha kurusha, alitazama kwengine. Hata ushujaa wa kutazama walipotupa hawakuwa nao. Mwenye simu alikuwa wa mwisho. Aliapa kwamba lake lilikwenda juu, likaanguka kwenye mgomba.

"Basi unaogopa nini?" nikamuuliza.

"Ticha, Halbadiri haijui mgomba."

Niliwapeleka wote watatu mpaka kwa mkuu, nikidhani kazi imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, maana huko ofisini walishafika mama zao, habari imefika nyumbani kabla ya watoto. Chumba kilijaa mabuibui na vilio vya chini chini. Sharti nilieleze vizuri lililotokea mle, kwa sababu mambo kama hayo hayatokei penginepo. Walimuomba radhi mwalimu mkuu. Walimuomba radhi shehe ambaye hayupo. Mmoja aliniomba radhi mimi, na mimi sijapigwa na kitu. Mama wa mwenye simu alinishika mkono akasema, "Mwalimu, mie mwana wa kiume nna huno mmoja tu. Hino Halbadiri musiisome. Yaishe."

"Yaishe," wakaitikia wengine. Na mwalimu mkuu, uso umemchanua kama mtu aliyefutiwa deni, naye akasema, "Basi yaishe."

Madamu alikuwa chumba cha pili. Ukuta baina yetu ni wa mbao nyembamba. Tulikuwa tunasikia kalamu yake ikisahihisha. Hakuna aliyegeuka upande ule.

Nikauliza kama kuna mtu amekwenda kumpa mkono aliyeshonwa. Mama wa mwenye simu akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote, akasema neno ambalo bado linanikera nikilikumbuka: "Nimpe mkono wa nini tena, mwalimu? Si mumeshasema haisomwi?"

Mwengine akaongeza kwa sauti ya mtu anayefafanua sharia kwamba yule bibi si wa dini yetu, na kisomo si chake, kwa hiyo radhi haimhusu. Kalamu ya chumba cha pili ikasimama.

Nimeishi katika mji ambao mimi ndiye niliyekuwa si wa kwao. Najua sauti ya kalamu inaposimama namna ile. Niliwaambia, na sikupunguza sauti, kwamba katika dini ninayoijua mimi Mungu husamehe haki yake, lakini haki ya mja huiachia mja mwenyewe. Na mja mwenyewe yuko nyuma ya mbao hizi, ana nyuzi juu ya jicho, na kesho kutwa anaondoka na fizikia yote ya skuli. Wakimtaka shehe wamuulize shehe. Mkuu akaanza kusema tusilikuze jambo. Nikamwambia jambo limekua lenyewe, sisi tumedumaa. Akarudi kupangusa kipara chake.

Nikawachukua watatu mpaka kwa madamu, mama zao nyuma. Hakuwapokea. Alisema alichoomba ni mbele ya darasa, na kipindi chake cha kidato cha tatu ni kesho saa mbili. Akaendelea kusahihisha.

Alhamisi nilikaa nyuma ya darasa lile mwenyewe, mikono kifuani. Wawili wa mwanzo walisema yao haraka, wakiangalia sakafu: nilirusha, nisamehe madamu. Akawaambia wakae. Mwenye simu alisimama na tabasamu dogo kwa ajili ya wenzake, akasema, "Samahani madamu kama nimekukosea."

Madamu akaweka chaki chini.

"Kama?" akasema.

Darasa likacheka, na kijana akapata nguvu. Akarudia kwamba kama limempata jiwe lake, basi samahani. Mlangoni alikuwa mama yake, amemfuata hadi pale, akampigia kelele ya mnong'ono: "Kashasema, madamu, kashasema, yaishe."

Mnaijua "kama" hii. Ndiyo radhi ya siku ya Idi, mtu anazunguka nyumba kwa nyumba na samahani kama nimekukosea, na kwa Idi inafaa, kwa sababu hakuna anayekumbuka makosa yote ya mwaka. Lakini kuipeleka mbele ya kitambaa cha hospitali ni ujinga uliovaa kanzu. Kisiwa kizima kimejificha nyuma ya neno lile dogo: wazazi, kamati ya skuli, mwalimu mkuu, mtu wa amani na tai yake. Kama kuna tatizo. Kama yupo aliyepigwa.

Nilisimama. Sikumgusa kijana, na yeye alijua sitomgusa, ndiyo maana tabasamu lilibaki. Nilimwambia aseme tena bila "kama". Akasema, "Samahani madamu iwapo..." Nikasema bila iwapo. Akajaribu "endapo". Kwa Kiswahili, kumbe, alikuwa hodari. Nilimwambia nina siku nzima, na kwamba Maskati nilisimama juani kwa watu wabaya kuliko yeye. Wenzake walikwisha kucheka. Sasa walikuwa wanachoka naye, na kijana wa umri ule anaweza kustahimili kila kitu isipokuwa kuchosha wenzake. Tabasamu likaanza kumtoka upande mmoja wa mdomo, kisha wa pili.

"Nilirusha," akasema. "Kwa sababu ya simu. Nilikulenga wewe."

Madamu akamtazama kwa jicho moja lililo wazi. "Kaa," akasema. Akaokota chaki, akaendelea alipokuwa.

Ijumaa hakwenda kuomba uhamisho. Nilipomuuliza, akaniambia aliambiwa alichotaka kuambiwa, na kwamba watoto wa kidato cha nne hawakumrushia kitu. Akasema pia, bila kupandisha sauti, kwamba mtihani ukishafanywa ataondoka, kwa sababu mlangoni alisikia "yaishe" mara nyingi kuliko alivyosikia "pole". Alibaki, akawafikisha mtihani, akaondoka siku aliyosema. Fizikia haina mwalimu mpaka leo.

Mtaani wanasema Halbadiri imefanya kazi. Haikusomwa hata herufi. Nilikuja kukutana na yule shehe sokoni nikamuuliza, akanambia hakuna mtu yeyote aliyewahi kumwendea kwa jambo hilo, na lau angeendewa angewaambia wampelekee kwanza yule mwanamke pole na uji. Mwalimu mkuu anawasimulia wageni wa Wizara jinsi alivyotatua kesi kwa hekima. Siku hizi chaki ikipotea anatangaza Halbadiri. Watoto si wajinga kama wazee wao. Wamekwisha kuona kwamba haisomwi. Wiki iliyopita, mkuu akiwa katikati ya tangazo, jiwe liligonga bati la ofisi yake. Akakatisha hotuba, akaingia ndani, na mtu wa amani akamfungia mlango.