Barua Zilizokaushwa kwa Feni za Saluni

Kazini walimwita Mama Gundi, na jina likamganda hata nyumbani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza karatasi zilizochanika katika jengo la kuhifadhi nyaraka za waandishi: barua zao, miswada yao, hata bahasha walizochorachora wakisubiri neno lije. Zamani alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye watoto wadogo. Siku moja mkuu wa idara ya nyaraka alimletea kitabu kilichobanduka mgongo, akamtazama akikishona, akasema, "Mama, mkono huu tunauhitaji kule kwetu." Mama Gundi hakusubiri kubembelezwa. Mpaka leo akimtaja mkuu yule humwombea dua kwanza, ndipo aendelee na maneno mengine.

Katika makasha yote aliyoyahudumia, aliyapenda zaidi yale ya mwandishi mmoja wa hadithi, mwanamke aliyekuwa amefariki. Mumewe, mwalimu mstaafu, aliyaleta kwa shingo upande, baada ya binti yao kumsihi sana.

"Humu mna barua zetu za uchumba," alimwambia Mama Gundi. "Msije mkaniharibia."

"Mzee wangu, nitazitunza kama zangu."

Basi fikiria hali yake Jumamosi ile asubuhi, alipofungua stoo akasikia maji yanachuruzika. Bomba la darini lilikuwa limepasuka, na rafu iliyokuwa chini yake ndiyo iliyobeba makasha ya mwandishi yule. Makasha yamelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mlinzi alikimbia kufunga maji. Mkuu wa idara alishika kichwa. "Tumekwisha!"

"Bado," alisema Mama Gundi. "Karatasi iliyolowa ni mgonjwa, si maiti. Tupate upepo na nafasi. Na mtu asizipeleke juani, zitajikunja."

Upepo wenyewe ulikuwa wa shida. Jengo zima lilikuwa na feni mbili, na moja ilikuwa hodari wa kulalamika kuliko kuzunguka. Mama Gundi akavuka barabara na aproni yake mpaka saluni.

"Dada, niazime feni zako."

"Leo? Na wateja wote hawa?"

"Barua za yule mwandishi wetu zimelowa."

Mwenye saluni alimtazama usoni, kisha akachomoa feni ya kwanza ukutani. "Jamani," aliwaambia wateja, "leo tutatoka jasho. Asiyetaka kutoka jasho aje tubebe."

Wakaja. Wengine walikuja na vichwa vilivyosukwa nusu. Mshona mapazia wa duka la pili akaleta kitambaa cha wavu, wakakitandaza juu ya meza za chumba cha kusomea. Mama Gundi akawaonyesha jinsi ya kuachanisha kurasa kwa kijiti bapa, polepole, moja moja, na kuzilaza juu ya wavu zisigusane. Aliwakataza kuzisoma. Nani alimsikia?

Mchana mwalimu mstaafu akafika, maana mkuu alikuwa amempigia simu. Mama Gundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alisimama mlangoni, akatazama maisha yake yakiwa yametandazwa mezani mbele ya watu asiowajua.

Mteja mmoja wa saluni akacheka, kisha akajiziba mdomo.

"Unacheka nini, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Nisamehe, Baba. Ni hapa mama anakwambia kwamba ukimwandikia tena habari za mvua, ataolewa na mtangazaji wa hali ya hewa."

Mzee akaangua kicheko mpaka akashikilia kiti. Alipotulia macho yalikuwa yamelowa. "Nilikuwa sijui kubembeleza," alisema. "Endelea kusoma. Kwa sauti. Macho yangu yamechoka, na sauti ya mke wangu sijaisikia siku nyingi."

Msichana akasoma. Feni zikavuma, kazi ikaendelea, na mzee akakaa akisikiliza, mara anacheka, mara anatikisa kichwa. Alipoondoka alimshika Mama Gundi mikono yote miwili. "Hukuniharibia kitu, binti yangu."

Karatasi nyingi zilipona, zikabaki na mikunjo tu. Barua za mke, zilizoandikwa kwa penseli, hazikupotea hata herufi. Za mume ndizo zilizochuruzika wino, ukawa mawingu ya buluu. "Hata kwa maji amenishinda," alisema mzee, na wala hakuonekana kusikitika sana.

Tangu hapo akawa anakuja kila wiki. Alikaa karibu na meza ya Mama Gundi, akakumbuka alichokuwa ameandika pale palipofutika, naye Mama Gundi akakinakili kwenye karatasi ya pembeni, akitia alama kuwa ni kumbukumbu ya mume. Kumbukumbu ikigoma, mzee husema, "Hapo acha wazi," wanaendelea.

Feni Mama Gundi alizirudisha mwenyewe, amezifuta vumbi lake la miaka mpaka mwenye saluni akadhani ni mpya. Mwenye saluni hakukubali kushukuriwa. Aliomba kitu kimoja tu: aruhusiwe kuingia siku moja akasome zile barua zikiwa kavu. Mama Gundi alimwandikisha kuwa msomaji siku ileile, akamvutia kiti karibu na dirisha.