Kamba ya Boma

Mvua ikinyesha hapa Kitengela, kipande cha kamba ya ngozi kinachoning'inia nyuma ya mlango wangu hutoa harufu ya ng'ombe aliyelowa. Nikitoka kazini nimechoka, harufu hiyo hunikalisha chini kabla sijavua viatu.

Mwaka wa ukame, nyumbani kwetu ng'ambo ya Kisaju, Baba alipima boma jipya kwa kamba hiyo, ileile aliyopimia la zamani. Boma la zamani lilikuwa limebaki pana mno kwa ng'ombe waliosalia, na fisi walikuwa wanaingia. Alifunga mwisho mmoja kwenye kijiti, akanipa mwisho wa pili nizunguke nao nikiburuta mguu, ili alama ibaki kwenye vumbi.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Baba aliwatazama tu.

"Wamebaki kama nusu," akasema. "Tukate kamba nusu."

Shuleni tulikuwa tumeanza hesabu za duara.

"Hapana, Baba. Ukikata kamba nusu, boma haitakuwa nusu. Itakuwa robo. Hawa hawataenea."

Nikamwandikia hesabu mchangani. Aliinama akaifuata pole pole mpaka mwisho, akauliza mara moja tu, akaelewa. Kisha akageuka kuwaangalia wale ng'ombe ambao asubuhi tulikuwa tumewainua kwa kuwavuta mkia. Walikuwa wamelala tena.

"Robo itatosha," akasema.

Akatoa kisu, akakata kamba katikati. Nusu moja akaiacha kwenye kijiti. Ile nyingine akaniwekea begani.