Kilio Bila Maiti

Wifi yangu alijua kulia. Naanza na hilo, maana ndilo lililoniuma kabla ya mengine. Mume wangu alipokufa, yeye alikuwa dada wa marehemu na minye nilikuwa mjane, lakini watu waliotoka kwenye kilio walimsifu yeye tu. Walisema mutu yule analia mpaka hata mwenye kumchukia marehemu anatafuta leso. Juu yangu hakuna aliyesema neno. Nililia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, basi.

Tena wifi hakuwa amezaa. Alikuwa na cherehani, na mkono mwepesi wa kukata vikwembe, vitenge vya akina mama, na alinukia sabuni hata jua likiwa kali. Mimi nilinukia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mtu anayeanika ndagala hata akioga ziwani anatoka ni yuleyule. Nilikuwa na binti mmoja, na yeye, Mungu anisamehe, alitoka na pua ya shangazi yake, na mwendo wa shangazi yake. Nilibeba mimba minye, uso ukaenda kwa mwingine.

Kwetu sisi watu wa uwanda, nilizaliwa karibu na Sange, kwenye mpunga, na shule niliiona kwa miaka michache kabla baba hajaona kwamba ndege wa shambani wanahitaji mtu wa kuwafukuza. Lakini si hayo. Nilitaka kusema kwamba kwetu mama hamwulizi binti mambo ya mwili. Hiyo ni kazi ya shangazi. Yeye ndiye anamkalisha mkekani, anamwambia ya damu, ya wanaume, ya ndoa. Mama anapika na kungoja aambiwe. Ni desturi nzuri, kama shangazi si wifi yangu.

Ninayosimulia yalikuwa wakati wa vita. Asubuhi milio inatoka milimani, mchana watu wanauza na kununua kama hakuna kitu. Binti yangu alikuwa anasoma institut, shule ya sekondari, pale Uvira mjini. Askari walichukua madarasa wakalala mule, wanafunzi wakaenda kusomea kanisani. Na egzame ya mdomo, ile ya mwalimu kukuuliza na weye kujibu, walimu wakaanza kuifanyia kwao nyumbani.

Ndipo binti yangu akaacha kula vizuri. Akitoka masomo anapitia kwa shangazi yake, na wenzake wa kike wanamfuata, wanajaa pale kwenye cherehani. Siku moja nilipiga hodi, wote wakanyamaza. Nikasema nimeleta ndagala. Wifi hakuinua hata kichwa.

"Asante, wifi. Weka pale."

Weka pale! Kama mchuuzi wa mlangoni. Nilirudi nikijisemea kwamba ule ni mpango wa ndoa, wananitafutia mkwe bila mimi. Nyumbani nikamchokoza binti, nikamwuliza huyo mume ni mrefu au ni mfupi, tujue kitanda cha kununua. Akachukua madaftari yake.

"Mama, uliza shangazi."

Sikuuliza. Ningekula mchanga kwanza.

Basi, asubuhi moja sokoni jirani yangu akasema kuna kilio kule juu, kwa mwalimu fulani wa institut, wanawake wanapanda na mikeka. Sikujua nani amekufa, wala haikuwa kazi yangu kujua. Kwenye kilio unaenda, utaambiwa hukohuko. Nikafunga kitenge kiunoni, nikafunga na unga wa bugali wa kuwapelekea wafiwa. Wakati ule komanda wa askari alikuwa amekataza mikutano yote, hata kwaya haikukusanyika. Lakini mama mwenye kwenda kilioni hakuna aliyemzuia. Kwenye baryeri, pale walipoziba barabara, askari aliniuliza ninaenda wapi, nikamwambia kilioni, akashusha bunduki.

"Pole, mama. Pita."

Hata askari ana mama mahali.

Nilipofika, niliona uwanja umejaa wasichana. Wamevaa vitenge kiunoni, wamefunga vichwa, wameketi mikekani mbele ya mlango, kimya. Majirani walikuwa wameleta kuni, mwingine amekuja na sufuria kubwa. Mwalimu amesimama mlangoni na kandambili, anasema hapa hakuna aliyekufa, ondokeni na kuni zenu. Na katikati ya mkeka wa mbele nikamwona binti yangu, kichwa begani kwa wifi.

Moyo wangu ulichomeka. Sitadanganya: kwanza niliona lile bega, kabla ya kujiuliza wanafanya nini pale.

Mzee mmoja, jirani wa mwalimu, ndiye aliyeuliza kwa niaba yetu sote maiti iko wapi. Msichana mmoja mwenye miwani, ambaye baadaye nilijua ndiye kichwa cha wale wanafunzi, akasimama kwa heshima.

"Hajakufa mutu bado, baba. Tumekuja mapema."

Akaeleza bila kupaza sauti. Huyu mwalimu anawaita mabinti kwenye egzame mmoja mmoja, na mlango unafungwa kwa ufunguo. Mwenye kukataa anaanguka mwaka mzima. Mkutano umekatazwa, basi wameona afadhali walie sasa, binti akiwa bado nje ya mlango. Na leo zamu ni ya huyu. Akaonyesha binti yangu.

Ile ndoa yangu ya kitanda kirefu na kifupi!

Mwalimu akacheka. Akasema kilio gani hiki, sioni machozi. Watu wameketi kimya, huo ni mkutano, na atatuma mtu kwa komanda sasa hivi. Wasichana wakatazamana. Ni kweli, hakuna aliyekuwa amelia. Watoto wa shule walipanga vyote, mikeka, vitenge, mpaka kichwa kinavyofungwa, wakasahau kwamba kwetu hakuna anayeanza kulia kabla ya mwenye kilio. Na mwenye kilio cha mtoto ni mama. Walikuwa wamekuja bila mama.

Wifi akaniona. Yeye, yule wa kusifiwa, kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

"Wifi, minye siwezi kuanza," akasema. "Huyu iko wako."

Niliweka unga chini. Nikalia. Sijui nilitoa wapi sauti ile, siku ya mume wangu sikuwa nayo. Nilimlilia binti yangu, nikazililia na ndagala zangu na pua ile isiyo yangu. Wasichana wakapokea, wifi akapokea, majirani nao. Wakapanda watu kutoka chini kabisa, na askari wawili wakaja, wakasimama, wakavua kofia. Mwalimu angewaambia nini? Kwamba hakuna maiti? Na uwanja unalia hivyo?

Mwishowe mzee jirani akamletea mwalimu kiti, akakiweka uwanjani, akamwambia mtoto ataulizwa hapa, mbele ya wafiwa. Mwalimu akauliza. Binti yangu akajibu kwa Kifaransa, mwanzoni sauti inatetemeka, halafu inasimama. Minye sikuelewa hata kimoja. Wifi alikuwa anatikisa kichwa kama anayeelewa, na hilo nalo likaniuma.

Tulishuka watatu. Binti alinishika mkono, ni kweli, lakini mkeka alioubeba kichwani ulikuwa wa shangazi yake. Wangu ulikuwa nyumbani. Mimi nilikuja na unga tu, kama mgeni.

Wenzake walikuwa bado hawajaulizwa, na kilio hakivunjwi wafiwa wakiwa bado wapo. Kesho yake niliamka kabla wifi hajafungua dirisha, nikapanda na mkeka wangu, nikautandika karibu kabisa na mlango wa yule mwalimu, nikaketi katikati, nikapanua miguu ili pasibaki nafasi.