Tangi la Bi Mwanamkisi

Siku ya kwanza nilipomwona Bi Mwanamkisi alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, buibui limemganda, akiwagombeza wanaume saba. Maji yalikuwa yametoka, na boti ya Nahodha Jaafar haikuweza kufika karibu na nchi kavu pale Kizingitini, kwa hiyo ilibidi pikipiki ibebwe. Haikuwa kama hizi za bodaboda tulizozizoea. Ilikuwa kubwa, ya zamani, ya safari za mbali, yenye kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ya bati ubavuni.

"Inueni nyuma! Nyuma, nimesema! Mbona mwaishika kwa vidole? Hiyo si mayai!"

"Bi Mwanamkisi," akasema Jaafar, pumzi zimemwishia, "hii ni pikipiki au ni ngamia?"

"Ngamia angetembea mwenyewe. Beba!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda langu la kutengeneza mashine za boti. Mtu mwingine angeingia majini akasaidia. Mimi niliendelea kufuta plagi ambayo ilikuwa safi tayari. Walipopita mbele yangu nikasikia harufu ya petroli, nikatazama mchangani, nikaona mstari wa matone unaofuata nyuma yao. "Inavuja," nikasema, lakini nilisema polepole mno, nao walikuwa wameshapita.

Mimi ni mtu wa Kiunga. Nilihamia Kizingitini nikiwa mtu mzima, na yeye alikuwa ameondoka zamani, ndiyo maana sikuwa namjua. Wenyeji ndio walionieleza. Alizaliwa hapa, akaolewa ana miaka kumi na tisa na dereva wa malori aliyeitwa Barka, wakaenda kukaa Mariakani, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Karibu na mizani ya malori walifungua hoteli ndogo. Alfajiri alikuwa akipika mahamri na mbaazi, mchana wali, na madereva wa nchi tano walimjua kwa jina. Pikipiki waliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika. Aliugua akiwa kwao, wakamtunza, akapanda ndege kurudi kwao na pikipiki akamwachia Barka. Tangu hapo kila Jumapili walifunga hoteli wakaenda: Voi, Taveta, Lunga Lunga. Kwanza yeye alikaa nyuma. Baadaye Barka alimweka mbele, akakaa nyuma yeye.

Kisha Barka akafa kwa presha, na kabla mwaka haujaisha mama yake Bi Mwanamkisi akapooza huku kisiwani. Akafunga hoteli akaja kumuuguza. Pikipiki hakuwa na wa kumwachia, akaja nayo.

Siku ya pili yake alifika bandani kwangu.

"Wewe ndiwe Fundi Hamdu?"

"Ndimi."

"Watu wasema wewe ni fundi wa mashine za boti. Pikipiki waijua?"

"Petroli ni ile ile," nikasema.

Akacheka. Sikuwa nimesema kitu cha kuchekesha, lakini nilifurahi siku nzima.

Tatizo lilikuwa dogo. Chini ya tangi mna koki ya kufungulia petroli, na mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Nilikata mwingine kutoka kwenye mpira wa mashine ya boti, nikauweka, matone yakakoma kabisa. Kazi ya saa moja. Alipoondoka niliutazama ule mpira wa zamani nikajuta kwamba nilikuwa mwepesi wa mikono.

Miaka miwili alimuuguza mama yake. Pikipiki ilikaa uani chini ya turubai. Kila Ijumaa asubuhi aliiwasha kidogo, na sauti yake ilifika hadi kwangu. Mke wangu tulikuwa tumeachana miaka tisa nyuma, na nilikuwa nimezoea nyumba yenye kimya. Lakini Ijumaa nilianza kuwahi kufungua banda. Mara moja moja akipita alinisalimu, nikajibu, akasimama kidogo kama anayengoja niongeze neno, kisha akaenda zake.

Mama yake alipofariki na arobaini ikapita, alikuja akiisukuma pikipiki mwenyewe.

"Nataka kurudi Mariakani," akasema. "Kaka yangu Bakr asema nikae, nimepewa chumba. Mimi sitaki chumba. Lakini tangi lavuja tena. Ulitie dawa, nende zangu."

Nililishusha nikaligeuza. Chumvi ya hewa ilikuwa imekula mshono wa chini, pakatoka tundu dogo kama la sindano. Tundu kama lile huzibwa kwa lehemu. Lakini sisi wa boti tuna njia nyingine: ukiwa baharini na tangi limetoboka, unachukua sabuni ya kipande, unaisugua juu ya tundu mpaka iingie. Petroli haiyeyushi sabuni. Inashika. Ila ni ya kukufikisha nyumbani tu, na kila fundi analijua hilo.

Nikachukua sabuni.

Sikutia sabuni kwa kuwa sikujua kulehemu. Nilitia kwa kuwa tangi likilehemiwa halirudi kwa fundi.

"Imepona?" akauliza.

"Ijaribu kwanza hapa hapa kisiwani," nikasema. "Usiende mbali."

Baada ya siku tisa alirudi. Nikasugua tena. Akarudi tena baada ya juma. Kila mara alikaa juu ya kreti ya soda, akanisimulia barabara ile: mahali ambapo tembo huvuka, mahali ambapo upepo wa malori hukusukuma ubavuni. Nami nilifanya kazi ya dakika tano kwa saa mbili.

Jaafar alikuwa ameshang'amua jambo. "Hamdu," akasema, "mashine yangu ikiharibika asubuhi, adhuhuri iko majini. Ya Bi Mwanamkisi ina ugonjwa gani huu usioisha? Au yataka kusomewa?"

"Ni kuukuu," nikasema.

"Wewe ndiwe kuukuu. Nitume mimi, nende kwa Bakr nikuposee. Leo hii, baada ya laasiri. Bakr ni rafiki yangu, na yule bibi mwenyewe si mtoto."

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Akikataa, hatakuja tena."

Jaafar alinitazama kwa huruma, jambo ambalo si kawaida yake. "Na tangi likipona?" akauliza. Nilikuwa nikilifikiria hilo kila usiku.

Wiki ya tatu mvua ilimkuta akiwa njia ya Faza, mji wa jirani. Alirudi akiisukuma kwenye tope, viatu mkononi, akaja moja kwa moja bandani. Jaafar alikuwepo akingojea plagi.

"Fundi Hamdu," akasema, "pikipiki yangu yatoa povu."

Nikatazama. Chini ya tangi, ubavu mzima, povu jeupe lilikuwa likiteremka na maji ya mvua.

"Nimeosha sufuria za hoteli miaka kumi na minane. Povu la sabuni nalijua. Na hii ni ya kipande, si ya unga."

Jaafar alianza kucheka, akauona uso wake, akaacha. Akachukua plagi yake akatoka, ingawa mvua ilikuwa bado.

"Hujui kulehemu?"

"Najua."

"Basi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu siku ya koki. Nikasema, "Sikuwa na chuma cha kulehemu."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kinaning'inia ukutani nyuma ya kichwa changu. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Petroli ilikuwa ikidondokea bomba la moshi," akasema, "na bomba ni moto. Nimeona moshi wapanda, nikazima. Ningechelewa kidogo ningeungua, Hamdu."

Siku zote aliniita Fundi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu tupu, na aliniita kwa sababu hiyo.

Nikamwambia alete tangi kesho, nitalehemu, na halitavuja tena. Akasema, "Halitoki hapa. Na mimi nitakaa nikuone."

Kulehemu tangi la petroli si kazi ya haraka, maana mvuke ukibaki ndani hulipuka. Nililimwaga, nikaliosha kwa maji mara nne, nikaliacha wazi juani siku mbili. Siku ya tatu nikalijaza maji, nikaligeuza, nikaacha nafasi ndogo tu chini ya mshono. Nikakwangua kutu mpaka bati likang'aa. Nikatia chuma kwenye makaa. Yeye alikaa kwenye kreti.

"Wajua nakosa nini?" akasema. "Watu wadhani ni Barka peke yake. Barka namkosa, Mungu amrehemu. Lakini nakosa ile saa ushapita Voi, ndia imenyooka, na hakuna anayekuuliza watoka wapi. Hapa nikienda kununua chumvi naulizwa mara sita nenda wapi."

"Watu wakupenda," nikasema.

"Nani anipenda?"

Chuma kilikuwa kimeiva. Nikakitoa kwenye makaa nikakigusisha kwenye risasi ya kulehemia, ikayeyuka, nikaipitisha juu ya mshono. Nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipomaliza alikuwa bado ananitazama, lakini swali lilikuwa limepoa.

Tulilirudisha tangi, tukalitia petroli. Akaleta unga wa ngano kutoka nyumbani, nikaupaka kwenye mshono wote. Tone moja tu likitoka, unga hubadilika rangi. Tulingoja kutoka adhuhuri hadi laasiri, kila mmoja upande wake. Unga ulibaki mweupe. Nilikuwa nikiomba, Mungu anisamehe, uingie hata doa moja.

"Halivuji," akasema.

"Halivuji," nikasema.

Huu ni mwaka na nusu sasa tangu aondoke. Jaafar alikwenda Mombasa kununua mashine, akafika hadi Mariakani, akasema hoteli imefunguliwa, imepakwa rangi ya kijani, na pikipiki imeegeshwa mbele. Bi Mwanamkisi alikuwa amekwenda sokoni, hakumwona. Nambari yake ya simu ninayo, aliiandika mwenyewe kwa mkaa kabla ya kuondoka kwenye ubao wa banda langu, na mvua ya vuli ilipoanza kupenya niliinakili kwenye karatasi. Nimeanza kuipiga mara nyingi. Sijafika tarakimu ya mwisho.

Siku ile ya kuondoka kwake, Jaafar alisema anahitaji watu wa kuinua pikipiki kule Mokowe, upande wa bara, akanitia botini bila kuniuliza. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri maji yakiwa yamejaa, na njia nzima Jaafar alitafuta shughuli upande wa nyuma ili tubaki wawili mbele. Bi Mwanamkisi alikuwa amevaa suruali ndani ya buibui na koti la ngozi la marehemu mumewe juu yake, mikono ya koti imemzidi. Tulizungumza habari za bei ya kamba na samaki.

Pale Mokowe tuliipandisha gatini. Basi la saa nne lilikuwa linajiandaa kuondoka na gari la askari la kulisindikiza, naye alipanga kufuata nyuma yake hadi Minjila. Akafunga mizigo kwenye masanduku, akavaa helmeti, akapanda. Jaafar akamuaga, akaenda kusimama mbali, mbali zaidi ya ilivyohitajika.

Hakuiwasha. Aliweka mikono kwenye usukani, akainua kioo cha helmeti.

"Kama una neno, Hamdu, nambie sasa. Nikishawasha sitasikia kitu."

Basi lilipiga honi. Wapakizi walikuwa wakipita na magunia, mmoja akanipiga kikumbo, nikasogea, nikajikuta nimesimama karibu naye kuliko siku zote. Niliuona uso wake vizuri. Kulikuwa na unga kidogo, au vumbi, kwenye nyusi. Neno lilikuja hadi kwenye meno.

"Gurudumu la nyuma," nikasema. "Upepo ni mchache kidogo. Ukifika Witu uutazame."

Alinitazama kitambo. Kisha akashusha kioo.

"Haya," akasema. "Nitautazama."