Viti vya kuazima vilivyomtoa Bi Tatu kwenye ruzuku

Alhamdulillah kwa kila hali. Viungo vinauma, lakini Mola ametuamsha tena.

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wadogo zangu marahaba. Humu huwa nasoma tu. Ila nimechoka na mabishano ya wachumi, ruzuku ya kaya maskini itolewe vipi na apewe nani, nikaona nieleze nililoliona kwa macho. Mungu ni shahidi, siongezi chumvi.

Naishi Mtendeni, Tabora mjini, nafundisha watoto Qur'ani. Nyuma ya nyumba yangu anaishi Bi Tatu, mjane, anasuka mikeka na kulea wajukuu wawili wa marehemu binti yake. Macho yanamwishia, kazi haiendi. Asubuhi nyingi sioni moshi jikoni kwake.

Jina lake lilipita kwenye mkutano wa mtaa wa kuchagua kaya za ruzuku. Ikabaki maafisa waje kuiona nyumba.

Sasa huku kwetu mgeni ni mgeni. Kina mama wakafanya kama wafanyavyo siku zote. Mama Rehema akaleta viti vyake vya mbao na vitambaa vya kufuma. Mwingine zulia. Mama Mihayo, jirani yetu Mmoraviani, akaleta chupa ya chai, vikombe vya maua na asali ya Sikonge.

Hakuna aliyewaza kudanganya. Hata mimi niliona viti vikipita, nikasema mashallah, wageni watakaa vizuri.

Wakakaa vizuri. Wakanywa, wakashukuru, wakaandika.

Jina likakatwa. Kaya inajiweza.

Bi Tatu hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwani chai ilikuwa na kasoro?"

Baadaye mpwa wangu Hamisi akaja kwa hitma ya baba yake. Anafundisha uchumi chuoni Dar. Alikuja na mwenzake wa kazini, Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyamwezi. Nikafurahi. Nikasema hawa ndio wenye elimu yenyewe, niwapeleke kwa Bi Tatu, watanisaidia kumtetea.

Bi Tatu naye akasikia ana wageni. Tunaingia, viti vimerudi. Zulia limerudi.

Mzaramo akaangaza macho. "Mwalimu, huyu bibi ana viti kunishinda mimi!"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Hamisi akadakia, "Ndilo ninalokwambia kila siku. Kuchagua maskini ni kubahatisha. Kila mzee apewe, hakuna kukagua nyumba."

"Kila mzee, kwa hela gani?" mtani akamkatiza. " Mkope, mchapishe noti, unga upande bei, halafu bibi huyu huyu ndiye alipie. Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba, mnadhani na Hazina ina mabega."

"Tulibeba pembe za ndovu mpaka kwenu pwani, nyie mmekaa mnatoza ushuru. Ndiyo maana mpaka leo unalinda mlango wa Hazina!"

Tulicheka, hata Bi Tatu. Kisha wakazama. Nakisi ya bajeti, mzunguko wa fedha, nchi fulani walifanya hivi, nchi fulani wakafilisika. Chai ikapoa.

Bi Tatu akaninong'oneza, "Katika haya wanayosema, mimi nimo au simo?"

Wakuu, nikamsogezea tu kikombe chake. Nilijisikia kuchoka mpaka kwenye mifupa.

Walipoondoka nikamwambia nitasimama mbele ya maafisa niseme vitu vyote viliazimwa. Akakataa. "Usinivue nguo mbele za watu, Mwalimu. Na kwangu mgeni hakai chini nikiwa hai."

Kusitiri aibu ya jirani ni katika dini yetu. Nikakubali. Tukaomba tu ukaguzi urudiwe.

Ukarudiwa. Viti vikaja tena, na mimi nikainamisha kichwa. Nilijua mwisho wake.

Kumbe kina mama walikuwa na lao. Maafisa walipomaliza chai na kusimama kuaga, Mama Rehema akasema, "Samahanini jamani, na mimi jioni nina wageni." Akabeba viti vyake. Mama Mihayo akakusanya vikombe na chupa. Mwenye zulia akalikunja, akajitwisha.

Hakuna aliyetaja umaskini. Kila mmoja alichukua chake akaenda.

Kikabaki chumba. Sakafu ya udongo na kipande cha mkeka.

Bi Tatu alikuwa mlangoni tayari, anawasindikiza wageni kwa heshima zote. Afisa mmoja, binti mdogo, akageuka. Akarudi ndani, akakaa kwenye ule mkeka, akaandika upya.

Jibu bado halijaja. Tunasubiri.

Nilimpigia Hamisi kumweleza. Mtani alikuwa pembeni yake. Hamisi akasema, umeona, kuchagua hakufai. Mtani akasema, umeona, kuchagua kunafaa wakiangalia vizuri. Wakaanza upya. Adhana ikaniokoa, nikakata simu.

Sidharau elimu yao. Huenda kila mmoja ana sehemu ya haki. Nilichojifunza ni kwamba ukiingia nyumba ya maskini wa huku ukiwa mgeni, unachokiona ni mali ya mtaa mzima.

Je, kwenu ilikuwaje? Walioko Usoke na kwingineko, semeni, nitasoma maoni yote taratibu kwa miwani yangu.

Leo asubuhi Bi Tatu kaniuliza kama kuna habari. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi wakija, mwambie Mama Rehema asisahau vitambaa."

Uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe riziki ya halali, akusitiri, na akujaalie majirani wenye viti. Amin.