Bi Ulimi Alitema Kahawa, Akameza Mengine

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi, mstaafu asiye na cha kupoteza isipokuwa heshima kidogo iliyobaki, ameapa mbele ya watu wawili na birika moja la maji yanayochemka. Ukionekana uongo hata mmoja, ataosha vikombe vyote vya chumba cha waonjaji, peke yake, bila kuusingizia mgongo.

Basi tuingie humo chumbani.

Jua halijafika dirishani, na tayari vikombe vyeupe vimepangwa kuizunguka meza ya duara, meza ambayo ukiisukuma kwa kidole inazunguka yote. Ndani ya kila kikombe kuna kahawa iliyosagwa sasa hivi. Chumba kinanukia kama mkate uliosahauliwa kidogo jikoni. Sakafuni imesimama ndoo ndefu ya bati, ya kutemea, ambayo wenyewe huiita Mheshimiwa, kwa kuwa hapa hakuna asiyeinama mbele yake.

Bi Ulimi anasogea taratibu. Mimba yake inakaribia miezi minane, na tumbo linafika mezani kabla yake. Anainama juu ya kikombe cha kwanza mpaka pua inakaribia kuugusa unga, anafumba macho, anavuta pumzi.

"Gunia hili lilinyeshewa."

"Lilinyeshewa lini? Mvua yenyewe iko wapi?" Anayebisha ni mzee mwembamba aliyening'iniza kijiko shingoni kwa uzi. Ndiye mkuu wa meza, na jina lake la kazini ni hilohilo, Kijiko.

"Mimi sijasema mvua iko wapi, mzee wangu. Nimesema lilinyeshewa. Onja."

Kijiko anamimina maji ya moto, anasubiri, anachota, anavuta kwa mlio wa shuka linalochanika. Anamgeukia Mheshimiwa, anatema.

"Lilinyeshewa," anakubali, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Siku nyingine Bi Ulimi angecheka mpaka watu wa ghalani wasikie. Leo hacheki. Mkono uko juu ya tumbo, macho yanarudi kwenye saa ya ukutani. Mchana ana miadi kliniki. Mkunga atanyoosha utepe juu ya tumbo hilo, na utepe ukisema mtoto hajaongezeka, Bi Ulimi hatarudi nyumbani. Atapelekwa hospitali kubwa, alazwe, na huenda mtoto akatolewa kabla ya wakati wake.

"Mimi kazi yangu ni kunusa," anasema kwa sauti ya chini. "Kitu kikiharibika najua kabla ya wengine. Hiki kilikuwa tumboni mwangu na sikujua."

Hakuzaliwa na kijiko mkononi. Alianzia chini kabisa, kwenye meza ndefu ambako wanawake huketi bega kwa bega wakichambua buni mbovu kwa vidole, na nusu ya mshahara ikaishia kwenye kodi ya chumba. Siku moja aliitupa konzi nzima ya buni zilizoonekana nzuri. Msimamizi akamfokea.

"Zina harufu ya dawa," alijitetea.

Kijiko alikuwa akipita. Akazichukua buni zile, akazikaanga, akazionja, akatema kabla hata hajaifikia ndoo. Tangu hapo yule binti akapewa nafasi mezani, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kuonja kahawa ya shehena moja akamwambia dereva wa lori kuwa safari iliyotangulia alipakia mbuzi, tena beberu. Dereva, wanasema, hakubisha. Aliomba tu jambo hilo lisimfikie tajiri yake.

Lakini ulimi kama huo unamlipisha mwenyewe. Msimu ukichanganya, mwonjaji huvuta hadi vikombe mia mbili kwa siku. Hutema, ndiyo, ila hakuna anayetema yote. Na Bi Ulimi alikuwa na vyake vya kunywa: cha kuamkia, cha njiani, cha kupiga soga na Kijiko, cha kumsubiria mumewe.

"Na cha mwisho nilikuwa nakunywa ili nipate usingizi," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

Mimba yake ya kwanza iliharibika mwaka juzi, hata shoga zake hawajaijua. Hospitali walimwambia kwamba mara nyingi sababu haijulikani, na kwamba hakukosea popote. Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Aliposhika mimba ya pili, alijitafutia mshtakiwa mwenyewe.

"Nikamwambia mume wangu: kahawa haitapita kooni kwangu mpaka mtoto alie. Kazini naonja, natema. Basi."

Aliacha siku ileile, ghafla, kama mtu anayefunga mlango. Kichwa kikaanza kumgonga. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, akakimbilia dukani akarudi na vidonge vya kichwa. Kichwa kikatulia. Kesho yake kikaamka tena, akameza tena. Kisha mchana usingizi ukawa unamwangusha mezani, Cheche akaanza kumletea kinywaji cha kuongeza nguvu, kopo refu linalong'aa, kila jioni moja na la akiba. Na wenzake walipokunywa kahawa zao za mapumziko, yeye alijituliza kwa kikombe kikubwa cha chai nyeusi, nzito, kisha kingine.

"Nilikuwa najiona mtakatifu," anasema. "Nikimwona mjamzito mwenzangu na kikombe cha kahawa, namtazama hivi." Anashusha kope mpaka nusu. Kijiko anaguna.

Utakatifu huo uliishia kliniki, mara ya mwisho alipokwenda kupimwa. Mkunga, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili ya barabara, alinyoosha utepe, akautazama. Akaunyoosha tena.

"Sista, mbona unarudia?"

"Mapigo ya mtoto ni mazuri, mwanangu. Ila hajaongezeka tangu ulipokuja mara iliyopita. Unakula?"

"Anakula kuliko mimi," akadakia Cheche.

"Baba, wewe tumbo lako halipimwi leo. Mama, pombe? Sigara? Kahawa?"

Bi Ulimi akainua kidevu. "Kahawa natema."

"Unatema?"

"Ndiyo kazi yangu. Naonja, natema."

"Na ukitoka huko kazini unakunywa nini?"

Cheche alikuwa akilisubiri swali hilo. Kwa fahari ya mwanamume anayeitunza nyumba yake, alitumbukiza mkono kwenye mkoba wa mkewe akatoa kopo. "Nampa hii, sista. Ya nguvu. Sijawahi kumkosesha."

Mkunga alivaa miwani, akaligeuza kopo, akamrudishia. "Nisomee hapa, kwenye maandishi madogo."

Cheche akasoma, akafika katikati, akapunguza sauti. "Kafeini."

"Na hivyo vidonge vinavyochungulia mkobani?"

"Vya kichwa tu," akasema Bi Ulimi.

"Geuza pakiti."

Aligeuza mwenyewe. Neno lilikuwa hapo, jembamba, limejibana kati ya mengine. Kafeini. Dawa iliyokuwa ikimtuliza kichwa ilikuwa na kilekile alichokiacha.

"Usiniambie na chai," alisema.

"Na chai, mwanangu. Si nyingi kama ya kahawa, lakini wewe nakuona ni wa kuipika mpaka kijiko kisimame wima."

Cheche alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakikosa, akajikuta sakafuni. Hakuna aliyecheka.

Mkunga alieleza polepole. Kafeini hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na mtoto hana uwezo wa kuiondoa kama mtu mzima. Mwili wa mjamzito nao huchelewa kuitoa. Ikizidi sana, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana wanashauri isipite miligramu mia mbili kwa siku, kutoka vinywaji vyote vikijumlishwa pamoja.

"Sisemi hii peke yake ndiyo iliyomzuia," alisema. "Mambo ni mengi. Lakini hii tunaweza kuipunguza kuanzia leo. Makopo haya mwisho. Vidonge, njoo uniulize kwanza, viko visivyo na kafeini. Chai, moja, tena nyepesi. Halafu tutapima."

Kisha akaongeza neno lililomchoma Bi Ulimi kuliko yote. "Na kikombe kimoja cha kahawa kwa siku, kama usingekuwa na haya mengine, wala tusingegombana."

"Kuonja naonja mpaka najua gunia lililala wapi," Bi Ulimi anasema sasa, akiegemea meza. "Nyumbani kwangu nikashindwa kusoma pakiti."

Kijiko alipoambiwa, hakusema pole. Alichukua kijiko cha Bi Ulimi, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. "Wewe utanusa, mimi nitaonja. Tukipingana, tunarudia." Tangu hapo wanapingana kila asubuhi, na hakuna anayekubali kuwa anafurahia.

Kijiko akapiga marufuku kahawa ya mapumziko pia, ili binti huyo asitamanishwe. Waonjaji wote sasa wanakunywa maji wakiwa wamenuna kama waliofiwa. Mwandishi naye, kwa kuwa anashinda chumbani humo, aliapa kuiacha. Tangu aanze kuandika habari hii hajagusa kahawa hata ya kulowesha ulimi.

Mchana unafika. Kwenye benchi la kliniki Cheche anatikisa goti mpaka benchi zima linatikisika.

"Baba nanihii, tulia. Unanitikisia mtoto."

"Jana usiku alicheza?"

"Alicheza. Umeniuliza mara ngapi?"

"Nauliza tena. Alicheza?"

Bi Ulimi anamshika goti, analibana chini. Mkoba wake leo una chupa ya maji na kanga mbili, na chini kabisa mswaki. Amekuja amejiandaa kulazwa.

Wanaitwa. Anapanda kitandani, anavuta nguo juu. Mkunga anatafuta mapigo kwanza, na kwa muda chumba kizima kinasikiliza. Yapo, ya haraka, kama mtu anayepanda ngazi mbiombio. Halafu utepe unatoka mfukoni.

Mkunga ananyoosha. Anautazama. Ananyoosha tena.

"Sista," anasema Bi Ulimi.

"Narudia kwa sababu nataka kuwa na uhakika, mwanangu, usiniharakishe." Anauondoa utepe, anauzungushia kidole. "Amesogea."

"Amesogea wapi?" anauliza Cheche.

"Amekua, baba! Utepe umesogea. Bado ni mdogo, sikufichi, na nitakuona tena wiki ijayo. Lakini anakua. Nendeni nyumbani."

Bi Ulimi anajifunika uso kwa kiganja. Analia bila sauti, mabega tu. Cheche anakwenda dirishani kutazama kitu muhimu sana ambacho hakipo.

Hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanapitia kazini, kwa kuwa huko kuna mtu hajala chakula cha mchana. Kijiko yuko mlangoni, kijiko kinaning'inia.

"Haya?"

"Nimerudi na mswaki wangu mkavu," anasema Bi Ulimi.

Mzee anageuka, anapenga kamasi kwa kishindo, anasema vumbi la kahawa leo limezidi.

Wanaketi kuizunguka meza, vikombe vya asubuhi bado vichafu. Bi Ulimi anaeleza mipango yake. Kwanza, mtoto atoke salama, mzito wa kumchosha baba yake mkono. Pili, akirudi kutoka likizo ya uzazi, anataka kupita meza hadi meza kwa wachambuaji, maana wengi wao hushika mimba humohumo kazini, awaoneshe kopo, pakiti na majani ya chai kwa mikono yake.

"Sitawatisha. Nitawaambia tu wageuze pakiti wasome. Na waliozoea kahawa wapunguze kidogo kidogo, wasifanye kama mimi." Anapapasa tumbo. "Halafu nitakunywa kikombe kimoja. Kimoja. Nitakimeza mpaka mwisho, na Mheshimiwa atakosa."

Hapo habari ingekwisha vizuri. Mwandishi anasogea kumpa mkono wa pongezi. Bi Ulimi anaushika, hauachii. Pua inacheza.

"Mzee wangu, sogea karibu."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hebu pumua."

Mwandishi anajaribu kuugeuza uso ukutani.

"Pumua, mzee."

Anapumua.

"Ya kioski cha kona," anasema Bi Ulimi, macho yamefumbwa. "Imeungua. Sukari vijiko vinne. Ya leo, tena si kikombe cha kwanza."

"Nilikuwa na wasiwasi juu yako, binti yangu! Mmechelewa kliniki, ningefanyaje?"

"Na kile kiapo cha kuosha vikombe?" anauliza Kijiko.

"Hata mimi nilikuwa na wasiwasi," anasema Cheche, "nikanywa maji."

Wakati mistari hii inamalizika, maji ya moto yamejaa kwenye beseni, mikono ya shati ya mwandishi imekunjwa hadi kiwikoni, na meza ya duara inazungushwa kwa kidole ili kila kikombe kimfikie. Kijiko anaongeza na vijiko. Anaongeza na Mheshimiwa mwenyewe, ambaye hakutajwa kwenye kiapo, lakini hakuna wa kumtetea mwandishi.

Bi Ulimi ameketi, miguu juu ya gunia, mikono juu ya tumbo. Ghafla anashtuka, kisha anacheka, kile kicheko ambacho watu wa ghalani hukisikia.

"Sugua, mzee, sugua. Amepiga teke. Anataka usogee, unamziba asione."