Nilivyonyoosha mpira wa choo cha boti, nikalala, ziwa likaingia ndani

Wakuu, kwema huko mliko?

Haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Mwenye boti naye humu hupita kimyakimya, nikiongeza chumvi ataniumbua.

Mimi ni fundi bomba. Kuanzia Kisesa mpaka Usagara nimefunga vyoo vya nyumba mpaka nimesahau idadi. Basi mama mmoja wa hapa Mwanza, tumwite Mama Kabula, akanipigia. Choo cha boti yake kinanuka, pampu yake ngumu, na kesho yake ana safari ya kisiwani.

Boti yenyewe muielewe kwanza. Mumewe alipofariki aliacha ng'ombe. Mama akauza wote, akanunua boti. Kwa sisi Wasukuma hilo si jambo dogo. Mashemeji walinuna, wakabaki wanasubiri izame. Sasa kesho hiyo ndiyo walikuwa wamekubali kupanda kwa mara ya kwanza.

Nikaingia kazini asubuhi hiyohiyo, boti imefungwa gatini, ziwa limetulia kama uji uliopoa.

Nikafunga koki ya maji ya ziwa pale sakafuni, nikafungua pampu. Ndani kumejaa ukoko mweupe wa mkojo. Nikauloweka kwa siki, nikasugua, raba nikazipaka mafuta ya kula kidogo. (Bleach msitumie, inakausha raba. Hilo angalau nilikuwa nalijua!)

Kisha nikauona mpira unaoleta maji ya ziwa kusafishia choo. Umetoka sakafuni, umepanda mpaka karibu na dari, umepinda, umeshuka tena chooni.

Nikacheka peke yangu. Fundi gani huyu? Kwetu mafundi wa nyumba, kila kona ni mahali pa uchafu kuziba.

Nikaukata, nikaunganisha moja kwa moja. Mfupi, umenyooka, unapendeza. Nikafungua koki, nikapiga pampu, maji yakaja laini kabisa. Koki nikaiacha wazi. Nani hufunga maji nyumbani akimaliza kazi?

Nikajinyoosha kwenye benchi kumsubiri mama.

Wakuu, ule utulivu siwezi kuueleza vizuri. Mwanga wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani na kuchezacheza darini. Boti inaenda huku, inarudi. Chini yangu maji yanaimba taratibu, tii, tii, tii.

Nikaota niko kwa bibi Misungwi, mvua inanyesha, bati linavuja kwenye beseni. Bibi ananifunika khanga. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu azikwe.

Nilijigeuza, mkono ukaanguka ndani ya maji.

Sakafu yote ziwa! Sendozi zangu zinaelea. Choo kinamwagika pole pole, bila kelele, na ule wimbo wote ulikuwa unatokea pale pale.

Niliruka kutoka kwenye benchi. Nikapapasa koki ndani ya maji, nikaifunga, nikaanza kuchota kwa ndoo. Mama Kabula akanikuta hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umelowa?"

Mdomoni nilikuwa na uongo tayari: naosha sakafu. Nikamtazama, nikashindwa. Nikamwambia yote, pamoja na usingizi.

Hakufoka. Alipapasa ubavu wa boti kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyetoka kuugua.

"Mwanangu, choo hiki kiko chini ya usawa wa ziwa. Mpira unapandishwa juu ili maji yasijilete yenyewe. Na koki hufungwa kila ukimaliza. Zizi ukiliacha wazi, ng'ombe hawakuombi ruhusa."

Nikarudisha ile kona kwa mpira mpya, juu vilevile. Tukakausha wote wawili. Akasema, "Kesho unasafiri na sisi."

Nikasafiri, nimekaa karibu na mlango wa choo safari nzima. Kila aliyetoka, naingia kufunga koki. Nje mawe yanapita, visiwa vinakuja vyenyewe kwenye ukungu, lakini macho yangu yako sakafuni.

Shemeji mkubwa, mzee mkali asiyesema na mtu, aliingia akakaa sana. Alipotoka akamwambia Mama Kabula:

"Shemeji, mali ya kaka umeitunza."

Mama aligeukia ziwani akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nikaingia kufunga koki, na machozi yangu nikayamalizia humo.

Funzo nililopata: ujuzi wa nchi kavu usiupeleke majini kabla hujauliza. Ukikuta kitu kimepinda, muulize mwenyewe kwanza kwa nini kimepinda.

Mafundi wa boti mnirekebishe nilipokosea. Na wengine semeni, nani humu aliwahi kukaribia kuharibu tegemeo la mtu huku akijiona fundi?

Mimi kinachonitisha mpaka leo si yale maji. Ni kwamba sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule.